Nyuma ya Pazia la Bi Zuwena

Hitma ya Bi Zuwena ilisomwa nyumbani kwake Kiponda. Ilipokwisha, wanaume wakiwa chini wanateremshiwa sinia za pilau na sisi wanawake juu tunatazamana nani atachukua paja la kuku la mwisho, mwanawe Nassor alipanda ngazi, akabisha hodi, akaja akapiga magoti mbele yangu kwa adabu zote. "Shikamoo, Bi Raya." "Marahaba, mwanangu." Akaniwekea karatasi mapajani, na kalamu juu yake. Akasema ni jambo dogo tu. Nyumba inauzwa, wako watu wanataka kuifanya hoteli, warithi ni yeye na dada yake Mwanaidi, na kilichobaki ni shahidi mtu mzima kuandika jina lake pale chini. "Na wewe ndiye mtu wa sheria," akasema. Mtu wa sheria. Nilifanya kazi kwa wakili mwaka mmoja, karibu miaka arubaini iliyopita, kisha nikaolewa, nikasomesha watoto wadogo mpaka sauti ikanikauka. Lakini mji huu ukishakupa jina haukunyang'anyi. Kukaadhiniwa laasiri, Nassor akaomba ruhusa akaswali kwanza, akaniacha na karatasi yake. Mwanaidi alikuwa akikusanya vikombe. Yeye ndiye aliyemuuguza mama yake miaka yote ya maradhi yake, na nyumba hii hajapata kuihama tangu kuzaliwa. Nilimtazama, naye akainama kuokota kijiko.

Nikakaa na kalamu ile. Chumba ni kile kile. Boriti ni zile zile zilizopakwa chokaa, na dirisha ni lile linalotazama ukuta wa jirani, karibu hata mkitaka kutosemezana inawabidi mjitahidi. Kasha la njumu, lile la misumari ya shaba, siku hizi limewekewa televisheni juu. Pazia halipo tena, ila pete zake za shaba zimebaki kwenye fimbo, na mtoto mmoja aliyebebwa na mamake alikuwa akizinyooshea mkono. Wageni wengi wa siku hizo walilijua pazia lile kwa upande wa nje, wa maua mekundu. Mimi nalijua kwa upande wa ndani, ambako maua yalikuwa yamefifia na upindo umeshonwa kwa mkono. Nililiona mara moja tu, na mara hiyo ndiyo iliyoufanya mwaka ule nisiusahau.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza skuli, najua kusoma herufi za Kizungu na za Kiarabu, na sina kazi ila kukaa Kikwajuni nikingoja kuposwa. Wakili Harilal alikuwa akitafuta mwanamke. Nnasema kama mtaa ulivyosema, na vicheko vilivyofuata mtavipima wenyewe. Ofisi yake ilikuwa Mkunazini, juu ya duka la vitambaa, vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa chake, na cha nyuma cha karani wake, Mzee Makame, mtu wa Tumbatu, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri na ulimi mkali. Ofisi ilifanya kila jambo ambalo watu hugombania: mirathi, wasia, wakfu, talaka, ulezi wa watoto, mipaka ya mashamba, mikataba ya maduka. Ilifanya pia barua za kuonyana baina ya majirani, na Wakili Harilal akizipenda hizo kuliko zote kwa sababu ugomvi aghlabu uliishia hapo hapo. Mafaili ya mahakama ya Kizungu yalifungwa kwa uzi mwekundu, na ya kwa kadhi kwa uzi wa kijani. Palikuwa na rafu ya tatu isiyo na uzi, ya watu waliokuja wakaeleza shida yao, wakanywa chai, wakenda zao wamepoa. "Hao ndio wateja wazuri," akisema. "Wameondoka na walichokuja nacho na bado wamefarijika."

Alikuwa Banyani aliyezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuwa akila nyama wala samaki. Saa sita mkewe akimpelekea chakula katika vyombo vya bati vinavyopandana, dengu na chapati na achari ya ndimu, na harufu yake ilikaa kwenye mafaili mpaka jioni. Mzee Makame, kwa heshima ya mwenye ofisi, alikula samaki wake kwenye baraza ya chini, kisha akinawa kwa sabuni mara tatu kabla hajapanda kushika karatasi. Hakuna aliyemwamuru. Mimi nilikula baina yao, ngazini, nikisikiliza juu na chini. Juu wakili akijisomea kesi kwa sauti, na chini karani akiwaeleza wapita njia namna kesi hiyo itakavyokwisha.

Wakili alinitaka kwa sababu moja. Wanawake wa mji siku hizo, na wengi wao walikuwa na nyumba na mashamba, hawakuwa wakipanda ngazi za wakili. Wakili ndiye aliyewaendea. Akikaa sebuleni akisema na pazia, na pazia likijibu, au kaka mtu akijibu kwa niaba ya pazia. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Wanawake hawa walikuwapo, hatua mbili kutoka kwenye kalamu, na lao bado lilikuwa halipo. Ikawa mahakama inauliza mnajuaje kuwa dole hili la wino ni la bibi mwenyewe na si la mpishi wake. Basi akataka mtu wa kuingia ndani. Kazi yangu ilikuwa kuingia, kuona uso, kusoma hati tangu mwanzo mpaka mwisho na kushuhudia dole gumba likiwekwa. Kisha niliandika nyuma ya karatasi sentensi aliyonifundisha Mzee Makame siku ya kwanza: nimemwona uso, nimemsomea, amefahamu na ameridhia. Chini yake jina langu.

Niliipenda kazi ile upesi, na sioni haya kusema kuwa niliipenda kwa kiburi. Niliingia nyumba ambazo watu wa Kikwajuni walizijua milango yake tu. Nikajifunza kuwa penye halwa nyingi pana kesi ndefu, na kwamba mtu anayetaka kuusia kwa haki hukuletea kahawa na kumaliza maneno yake kabla haijapoa. Tulikwenda hata Chwaka, kwa gari la wakili, kwa ajili ya Bi Pili, ajuza aliyekuwa na minazi kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Mgeni atashangaa, sisi hatushangai. Ardhi ya huyu, mnazi wa yule, na kila mtu anajua chake mpaka siku mmoja wao atakapotaka kujenga. Bi Pili alituzungusha, akaigusa minazi mmoja mmoja kwa fimbo yake. Huu aliupewa mahari, huu alipojifungua mwanawe wa kwanza, huu mumewe alimwachia siku aliyomwomba radhi, na jambo lenyewe hakutwambia. Nikamsomea karatasi ndani ya kibanda chake, akatia dole. Mwenye kiwanja alipoletewa karatasi ile aliondoa mawe yake ya kujengea. Nilirudi mjini nimevimba kichwa, nadhani nimeshamwokoa mtu.

Jambo moja sikulijifunza ofisini. Nilikuja nalo kutoka nyumbani. Wanawake wengi niliowasomea hawakusema kitu. Wengine walitikisa kichwa, wengine walitazama mkeka. Na mimi nilijua kimya maana yake nini, kwa sababu kila mwanamke aliyelelewa hapa anajua. Bibi harusi huulizwa, je, umeridhia? Naye hunyamaza, na kina shangazi hupiga vigelegele. Akisema ndiyo kwa sauti watu humshangaa, kumbe alikuwa na haraka. Nilikuwa nimeshakaa kwenye ndoa nyingi, nimeshawaona mabinti wameinamisha nyuso kwenye kanga, na vigelegele nimepiga mimi mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliponyamaza mbele ya karatasi, nikaandika ameridhia, nikatia jina langu.

Kiponda tulikwenda kwa Bwana Said. Alikuwa kaka mkubwa wa Bi Zuwena, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na nataka ijulikane kuwa hakuwa mwizi. Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na dada yake. Bi Zuwena alikuwa mjane, ametoka eda miezi michache nyuma, ana watoto wawili, Nassor wa miaka mitano na Mwanaidi mchanga, na Bwana Said ndiye aliyekuwa akiwalisha wote. Alitaka kuiuza nyumba, wahamie shamba Mwera, na huko dada yake apewe chumba uani kwa mama yao mdogo. Kuuza peke yake asingeweza, kwa sababu dada ana fungu lake. Ikaandikwa hati ya uwakala, ya kumpa kaka mamlaka juu ya fungu la dada, kukodisha, kutengeneza na kuuza. Hati hiyo aliitaka Bwana Said, aliilipia Bwana Said, na aliyekuwa aitie dole ni Bi Zuwena. Wakati ule sikujiuliza sisi ni mawakili wa nani mle ndani.

Wanaume wakakaa sebuleni, mimi nikapita ndani ya pazia. Bi Zuwena alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala ubavuni mwake, na yeye anashona kofia, zile za vitobwe, vitundu vidogo vidogo, kwa sindano nyembamba. Akanikaribisha, akanisogezea kahawa. Nikamwona uso, uso wa mtu asiyelala. Nikaanza kusoma. Kupokea kodi, sindano inakwenda. Kutengeneza paa na mabomba, sindano inakwenda. Kuuza, kwa bei atakayoiona yafaa, sindano ikasimama. Ilisimama katikati ya tundu, uzi umebaki nusu. Niliiona. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na sindano ikabaki pale pale. "Umefahamu, dada?" nikamwuliza. Kimya. "Umeridhia?" Kimya. Nje Bwana Said akakohoa. "Raya, bado?" akauliza. "Tayari, bwana," nikajibu. Nani aliyekuwa tayari sijui. Nikafungua kidau cha wino, nikamshika mkono, nikalichukua dole lake gumba nikalipaka wino, nikaligandamiza kwenye karatasi. Mkono ulikuwa wa moto. Kisha nikageuza ukurasa nikaandika sentensi yangu. Nilipotoka alikuwa bado hajaivuta sindano.

Baada ya wiki chache wanunuzi wakaja na fundi kupima vyumba. Bi Zuwena akajifungia chumbani na watoto wake, akawaacha wabishe mpaka wakachoka. Halafu akamtuma jirani yake, Bi Fatma, kwa kadhi, na neno moja la kupeleka: sikuuza. Bwana Said akaja ofisini kijasho chembamba kinamtoka, akauliza, karatasi si ipo? Karatasi ilikuwapo, imefungwa uzi wa kijani. Kadhi akapanga siku, akasema na yule binti aliyeandika nyuma naye aje.

Usiku ule sikulala, na asubuhi Mzee Makame alinisubiri ngazini. Aliniambia kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa tishio. "Kitu umeshakiandika, na maji yakimwagika hayazoleki. Utakwenda kusema kilichoandikwa." Nikamwambia hakusema kitu, Mzee Makame, alinyamaza. "Wote walinyamaza," akasema. "Hebu fikiri. Ukisema huyu hakuridhia, nani ataamini karatasi zako nyengine? Yule bibi wa Chwaka je? Karatasi yake ina sentensi hiyo hiyo na jina hilo hilo. Utamrudishia yule bwana mawe yake? Na ofisi hii ikikosa watu, mie na watoto wangu saba tutakwenda kula kwako Kikwajuni?" Nilikuwa na hofu tupu. Nikikificha kimya cha Bi Zuwena, anatolewa nyumbani kwake kwa mkono wangu. Nikisema kweli, pengine namtoa Bi Pili kwenye minazi yake kwa mkono huo huo, na Mzee Makame kwenye kiti chake.

Nikaenda kwa Wakili Harilal kutaka aniamulie. Alikuwa anamenya chungwa. Nilipofungua mdomo akaunyanyua mkono wenye kisu. "Usinambie," akasema. "Siku ile sikukuuliza, na lile ni kosa langu. Leo nikikuuliza ntakuwa nimejua, na nikijua sitaweza kusimama upande wa Bwana Said na kusema kinyume cha nilijualo." Akanipa nusu ya chungwa. "Nenda ukajibu utakachoulizwa. Usiongeze, usipunguze." Nikamwuliza, na Bi Pili? Akakipangusa kisu. "Hilo," akasema, "halikuulizwa bado." Niliondoka nimemkasirikia. Leo naona lilikuwa jambo la heshima, lakini ni heshima ya aina inayokuacha peke yako.

Kwa kadhi palikuwa na chumba kirefu chenye mikeka, na pembeni pamewekwa pazia kwa wanawake. Bi Zuwena alikaa hapo na Bi Fatma, na mimi nikakaa nyuma yao, karibu hata nasikia anavyopumua. Kadhi akamwuliza kwa upole, je, ulimpa kaka yako ruhusa ya kuuza? Kimya. Akamwuliza mara ya pili, na ya tatu. Kimya. Nilimkasirikia, na sitaficha. Nyumba ni yako, watoto ni wako, anayekuuliza ndiye mwenye kalamu, na wewe wanyamaza? Lakini Bwana Said alikuwa amekaa pale, ametazama chini, kaka aliyekuwa kwake badala ya baba, na mkate waliokula watoto wa Bi Zuwena asubuhi ile ulikuwa wake. Kumkanusha mbele za watu ni kumvua nguo. Kumtuma jirani kwa neno moja ndiko mwisho wa nguvu alizokuwa nazo.

"Binti wa ofisini," akaita kadhi. "Naam," nikajibu. Jamaa mmoja aliyekuja na Bwana Said akasema mwanamke mmoja hatoshi kuwa shahidi wa mali. Kadhi akamjibu, "Yaliyopita nyuma ya pazia nimwulize nani mwengine, wewe?" Akaishika karatasi. "Hapa pameandikwa ameridhia. Alisema nini?"

"Hakusema kitu, sheikh. Alinyamaza."

"Na dole?"

"Niliushika mkono wake nikaliweka mimi. Hakuuvuta. Lakini hakuuleta." Kisha likanitoka ambalo hakuna aliyeniuliza, "Alikuwa anashona. Nilipofika pa kuuza, sindano ilisimama. Niliiona."

"Uliiona, na ukaandika ameridhia. Nani aliyekufundisha kuwa kimya ni ridhaa?"

"Harusini, sheikh."

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka. Akasema kimya kile ni cha mwanamwari, tena akiulizwa habari ya kuolewa, si habari ya dari na kuta. Mjane hata katika ndoa hujibu kwa ulimi wake. Na katika mali, asiyesema hanasibishwi neno, hawekewi neno kinywani. "Wewe ulimnasibisha neno," akanambia. Akaibatilisha karatasi hapo hapo. Mbele yangu Bi Zuwena alishusha pumzi moja ndefu, akainuka, akapita pembeni yangu bila ya kunitazama. Bwana Said akabaki amekaa. Nilimhurumia yeye pia, na aibu niliyoisikia siku ile ingali hai.

Mzee Makame hakusema nami mwezi mzima. Bwana Said akachukua mafaili yake, na baadhi ya rafiki zake wakafuata. Wakaniita Raya mdomo wazi. Wakili Harilal hakunifukuza. Alichofanya ni kuifuta ile sentensi. Mahali pa amefahamu na ameridhia, akaandika neno moja, amesema, na baada yake mistari mitupu. "Andika alilosema," akanambia. "Si ulilofahamu wewe. Akinyamaza, wacha mistari mitupu, na karatasi hiyo haitoki." Kisha akanirejesha kwenye nyumba zote nilizokwisha kuziandikia, moja baada ya moja, nisome upya, wanawake wale waseme.

Huo ndio mwaka wenyewe, ile miezi iliyobaki. Chwaka nilikwenda kwanza. Bi Pili alinitazama kama mtu aliyetumwa kukopa chumvi mara ya pili. "Mwataka nseme tena?" akauliza. Nikamwambia, mara ile hukusema, bibi. "Ntasemaje na wewe hukunyamaza hata nikapata pa kuingilia?" Halafu akasema, na nikaandika neno kwa neno: amesema minazi ni yake, na mwenye kutaka kujenga ajenge baina yake kama ndege anavyojenga, asikate hata mmoja. Karatasi hiyo ikasimama. Mmoja wa mtaa wa Malindi alisema: haya, lakini mlango wa ua asiuguse. Mwengine alisema: namwachia mwanangu wa pili kwa sababu huyu mkubwa hanitembelei, na hilo la kutonitembelea liandikwe. Mwengine, ambaye karatasi yake ya wasia niliiandikia ameridhia kwa kiburi changu chote, alisema, hapana, na hakueleza zaidi, na wakili akaichana. Walikuwapo walionyamaza. Kwao nilikaa. Nilijifunza kukaa na kimya cha mtu bila ya kukijaza, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kuzifanya, kwa sababu siku zote upande wa pili wa pazia pana mtu anayekohoa.

Mwisho wa mwaka nikaposwa. Walipokuja kuniuliza nikasema, nataka, kwa sauti, na shangazi yangu mmoja akafunika uso kwa upande wa buibui. Nikaacha ofisi. Yaliyokuja baadaye katika kisiwa hiki wengine wameshayaandika. Bwana Said alichukua shamba la Mwera liwe fungu lake, nyumba akamwachia dada yake, na wakaendelea kupelekeana sahani za Idi. Bi Zuwena hakunishukuru hata siku moja. Ila kila Ramadhani, siku ya kwanza, bakuli la mkate wa mayai lililofunikwa lilifika kwangu, na aliyelileta hakuwa na salamu yoyote ya kunipa. Mimi nikirudisha bakuli lina kitu ndani, vile vile bila ya neno. Tulisemezana hivyo karibu miaka arubaini.

Nassor akarudi kutoka kuswali, maji ya udhu hayajamkauka mikononi. Akaitazama karatasi mapajani mwangu. "Bi Raya, tayari?"

"Mwanaidi je?" nikamwuliza.

"Mwanaidi hana neno. Nshamsomea jana. Kanyamaza, karidhia."

Nikaiondoa kalamu juu ya karatasi. "Mwanaidi." "Naam," akaitika, na sinia ya vikombe mkononi. "Njoo ukae." Akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda kile kile, sinia magotini. Nikamwuliza kama alisomewa, akasema ndiyo. Nikamwuliza, "Unasemaje?" Akainamisha uso. Wanawake wakaacha kula. Chini kulikuwa na vishindo vya sinia na mtu anamwita Nassor. Nassor akakohoa, kikohozi cha mjomba wake, na mikono yangu ikakumbuka ilivyofanya mara ile, nikaikunja mapajani. "Bi Raya, watu wanangoja," akasema. Nikamwambia wangoje.

Tukakaa. Sijui muda gani. Yule mtoto alichoka na pete za shaba akalala. Mwanaidi alikuwa akizungusha kikombe kimoja juu ya sinia, polepole, kisha mkono wake ukasimama. Hakunitazama mimi wala kaka yake. Alisema akikitazama kikombe.

"Na mie ntalala wapi?"

Nikamnyooshea Nassor karatasi, nikaigeuza upande wa nyuma, ulio mtupu, nikamtia kalamu mkononi.

"Andika hilo," nikamwambia.